Mzaramo Aliyeongoza Orodha

Uzaramo wa Mrisho Matano ulikuwa wa jina tu. Alizaliwa Mbeya, akakulia kwenye baridi ya Mbeya, akajua kutukana kwa Kisafwa kabla ya kujua salamu hata moja ya Kizaramo. Babu yake ndiye aliyetoka Kisarawe akifuata biashara ya nguo. Alipofika Mbeya akaona viazi vikubwa na wateja wengi, akasahau njia ya kurudi. Tangu hapo ukoo mzima ulivaa masweta na kujiita watu wa pwani. Mrisho mwenyewe bahari aliiona mara ya kwanza alipokwenda kusoma Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Alichovya kidole, akalamba, akaridhika kwamba habari za chumvi zilikuwa za kweli.

Sasa, mwaka 1976, alikuwa akisomea digrii ya pili, na somo lake lilikuwa isimu kwa njia ya kompyuta. Kulieleza somo hilo kulimchosha kuliko kulisoma. Mama yake, Bi Waridi, aliyekuwa akiuza kanga pale Uyole, alikwisha kulifupisha: "Mwanangu anaifundisha mashine kusema." Wenzake wa sokoni wakamuuliza kama redio walizonazo hazikutosha. Bi Waridi akageuzia mazungumzo kwenye bei ya kanga, na Mrisho, alipoulizwa swali hilohilo likizo iliyofuata, naye akauliza bei ya kanga.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mtu anakwenda na tepu mahali watu wanapozungumza, anarekodi, anarudi kuyaandika mazungumzo neno kwa neno, kisha kila neno linatobolewa matundu kwenye kadi ngumu. Kadi hizo zinalishwa kompyuta, nayo inahesabu lipi limesemwa sana na lipi kidogo. Mrisho alikuwa ameahidi kuonyesha maneno gani yanatawala Kiswahili cha wafugaji wa Kisukuma waliohamia bonde la Usangu. Aliahidi pia kuifundisha mashine kulikata neno la Kiswahili vipande, mwanzo, kiini na mwisho, kwa namna mama anavyokata muwa. Ahadi zote mbili alizitoa kwa maandishi, jambo ambalo mtu mwenye akili hulikwepa.

Na alikuwa na sababu ya kuogopa kushindwa. Kabla ya kurudi Chuo Kikuu kwa digrii hiyo alikuwa mwalimu wa sekondari Iringa. Siku ya kuaga, katika chumba cha walimu, alitoa hotuba juu ya mustakabali wa lugha na mashine. Neno "mustakabali" alilitumia mpaka mwalimu wa hesabu akalala. Alimalizia kwa kusema kwamba wakikutana tena, yeye atakuwa mtu mwingine. Kurudi bila digrii kungekuwa kurudi kwenye chumba kilekile, kwa watu walewale, akiwa mtu yuleyule. Wazo hilo ndilo lililomwamsha asubuhi kuliko jogoo yeyote.

Basi akaenda Usangu. Alipanda basi kutoka Iringa mpaka Mafinga, akateremka na lori la magunia hadi Madibira, akatembea tambarare akiwa amebeba tepu kifuani mithili ya mtoto mgonjwa. Mwenyekiti wa kijiji alimwambia kwamba kama anataka mtu wa kuzungumza, amwendee Mzee Budeba. Huyo alikuja toka Usukumani na ng'ombe wake miaka mingi iliyopita, kwa miguu, na tangu siku aliyofika hakuwahi kunyamaza.

Mzee Budeba alimkuta Mrisho akimsubiri nje ya zizi. Alikuwa mrefu, amevaa kabuti la kijeshi lililofika chini ya magoti ingawa jua lilikuwa kali.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe mtu wa wapi?"

Hapa ndipo Mrisho alipofanya kosa lake. Angesema "mtu wa Mbeya," mambo yangekwenda vizuri, angepata mazungumzo ya mvua na malisho, na leo hii pengine angekuwa profesa. Lakini alikuwa amefundishwa kuwa mkweli kwa watoa habari. Alinyoosha mgongo akasema, "Kwa kabila mimi ni Mzaramo."

Uso wa mzee uliwaka. Aligeuka kwa kasi ambayo umri wake haukuonyesha kwamba anayo, akamwita mkewe kuelekea nyumbani: "Nyamizi! Nyamizi we! Funga kuku ndani! Mzaramo imekuja!"

Utani wa Msukuma na Mzaramo ni wa tangu misafara ya mababu, na hakuna asiyeujua. Mrisho aliujua vizuri. Alikwisha kuuandikia insha mwaka wa kwanza, akapata alama nzuri. Ila hakuna mtu aliyewahi kumtania, maana Mbeya walimhesabu mtu wa Mbeya, na pale Chuoni walimhesabu mtu wa baridi. Sasa alisimama mbele ya mtani wake wa kwanza maishani, na badala ya kujibu alibonyeza kitufe cha kurekodi. Darasani walimwambia kwamba mtafiti haingilii mazungumzo.

Siku zote alizokaa pale ziliendelea hivyo. Akimuuliza mzee habari za mvua, anajibiwa, "Mvua ilikuwa nzuri sana, mpaka hii Mzaramo ilipofika." Akimuuliza habari za ng'ombe, anajibiwa kwamba ng'ombe wamepunguza maziwa kwa sababu wameona Mzaramo na hawajui kama atawachezea ngoma au atawauza. Majirani walikuja kumtazama. Mzee aliwaonyesha: "Tazama mikono yake hii, laini. Mvivu! Mwizi ya kuku!" Kuku mwenyewe Mrisho hakuonjeshwa. Alipewa michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, na maziwa ya mgando asubuhi na jioni, huku akishutumiwa kwa kuku wote waliowahi kupotea katika wilaya ile. Alitabasamu kwa adabu, akageuza kaseti.

Kulikuwa na kitu kimoja alichokitaka kwelikweli, nacho ni hadithi ya safari ya ng'ombe, jinsi walivyokuja toka Usukumani mpaka Usangu. Alijua kwamba mtu akisimulia safari yake husahau kuwa anarekodiwa. Hapo ndipo lugha safi ilipo. Aliiomba mara kwa mara.

Siku ya kuondoka aliiomba tena. Mzee Budeba aliweka mikono nyuma ya kabuti.

"Hiyo nitakupa siku utajibu."

"Nijibu nini, mzee?"

Mzee alimgeukia mwanawe Malimi, kijana wa rika la Mrisho aliyekuwa akikamua ng'ombe pembeni. "Umesikia hii? Inauliza ijibu nini! Wazaramo wamekwisha, mwanangu. Wamekwisha kabisa." Na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na huzuni kidogo, lakini tepu ilikuwa imeishiwa betri, na Mrisho alikuwa na wasiwasi wa lori.

Kazi ya kuandika aliifanyia Iringa, kwa shangazi yake Siwema, Miyomboni. Shangazi Siwema alikuwa akikaanga maandazi ya kuuza, na tepu ilipoanza kusema aliacha karai akaja kukaa. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Majirani wakaja, wakacheka nao. Maandazi yaliungua.

"Mzee huyu ana heshima zake," alisema shangazi. "Hajaacha hata kitu kimoja. Na wewe ulimjibu nini?"

"Sikumjibu, shangazi. Nilikuwa narekodi."

Shangazi Siwema aliacha kucheka. Aliizima tepu kwa mkono wenye unga.

"Mtu mzima anakutania siku zote hizo, kwake, mbele ya watu wake, na wewe unakaa tu unamtazama? Mrisho, mtani asiyejibu anamdharau mwenzake. Ni afadhali ungemwibia hao kuku."

Mrisho alianza kumweleza kwamba mtafiti haingilii mazungumzo. Aliisikia sentensi hiyo ikitoka kinywani mwake, mbele ya mwanamke aliyemfunga nepi, akaikatisha katikati na kuomba andazi.

Kompyuta aliyopewa kuitumia ilikuwa ya ofisi moja mjini Dar es Salaam, na kazi yake ya halali ilikuwa kukokotoa mishahara. Watu wa lugha waliruhusiwa kuikaribia Jumamosi mchana, baada ya kuvua viatu. Mrisho aliilisha kadi zake moja moja. Mashine ilinguruma, taa zikawaka na kuzimika, na karatasi ndefu ikaanza kutoka. Aliipokea kwa mikono miwili.

Ile sehemu ya kukata maneno vipande ilikuwa na mambo yake. Mashine, kwa kufuata kanuni alizoifundisha yeye mwenyewe, ilikuwa imemkuta Malimi ikadhani ni wingi, ikamtafuta "limi" mmoja kila mahali isimwone. Hilo lilisameheka. Kilichomfanya akae chini sakafuni na soksi zake ni orodha ya maneno yaliyosemwa sana. Ukiondoa vile vijineno ambavyo kila mtu huvitumia bila kufikiri, orodha ilianza hivi: MZARAMO. Likafuata KUKU. Likafuata MVIVU. NG'OMBE alikuja baadaye, na mvua haikuonekana mpaka karatasi ikunjuliwe.

Msimamizi wake, Dakta Liberatus, mtu mpole mwenye miwani minene, aliisoma karatasi ile akiwa amesimama dirishani. Aliisoma tena. Mabega yake yalikuwa yakitikisika.

"Bwana Matano, hawa ni wafugaji. Wana ng'ombe wengi kuliko watu. Na bado umewashinda ng'ombe."

"Ndiyo, Dakta."

"Ulichopima hapa si Kiswahili cha Usangu. Umejipima wewe." Alikunja karatasi kwa upole. "Sikiliza. Jopo halitakubali hii. Niletee mkanda mmoja mzuri, mazungumzo ambamo wewe hutajwi. Watu wanaongea mambo yao kana kwamba hujazaliwa. Ukiupata kabla ya kikao cha Juni, tunaokoka. Usipoupata, utarudi kufundisha."

Mrisho alitoka akiona mbele yake chumba cha walimu cha Iringa, na mwalimu wa hesabu akiamka.

Alijua mkanda huo unapatikana wapi. Hadithi ya safari ya ng'ombe ilikuwa na bei, na bei yake aliijua: kujibu. Kwa hiyo akarudi Iringa kwa shangazi Siwema akajifunza kutaniana, mtu mwenye digrii ya kwanza ya lugha, kila asubuhi mbele ya karai la maandazi. Shangazi alijifanya Mzee Budeba. Mrisho alisimama na kusema, "Nyinyi Wasukuma, mnapenda sana ng'ombe." Shangazi akangoja. "Hilo ndilo tusi?" akauliza. "Hiyo ni habari." Siku iliyofuata Mrisho alimwambia kwamba Msukuma akinunua baiskeli huifunga zizini ilale na ndama isipate baridi. Shangazi alifikiri, akakubali kwamba hiyo inaweza kupita, iwapo mzee atakuwa amechoka.

Akateremka tena Madibira na lori. Njia nzima alikuwa akinong'ona habari za baiskeli na ndama, mpaka aliyeketi naye juu ya magunia akasogea. Alijiona anafika, mzee anapiga kelele za kufunga kuku, na yeye anamjibu palepale, mbele ya watu. Lazima akiri kwamba katika picha hiyo alikuwa mrefu zaidi kuliko alivyo.

Alipokaribia zizi aliona watu wengi wameketi, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Hakuna aliyeita kuku wafungwe. Malimi alimjia, kichwa kimenyolewa.

"Umefika, ndugu. Mzee ametutoka. Tulishamzika. Leo tunaanua matanga."

Mrisho alisema maneno ya pole, yale ambayo kila mtu husema. Alikaribishwa gogo upande wa wanaume. Aliketi na tepu magotini, na maneno ya baiskeli na ndama hayakuwa tena na wa kuambiwa. Alikuwa amesikitika kweli. Alisikitika zaidi ya alivyotarajia kumsikitikia mtu aliyekuwa akimwita mwizi.

Lakini mtu ni mtu, na msomi ni mtu mbaya zaidi. Baada ya kukaa kidogo alianza kusikiliza, na alichosikia kilimfanya ashike tepu kwa nguvu. Watu walikuwa wakizungumza. Walikuwa wamechanganyika pale, Wasukuma, Wasangu, Wahehe, hata mfanyabiashara Mwarabu wa Rujewa, kwa hiyo kila kitu kilisemwa kwa Kiswahili. Na hakuna hata mmoja aliyemtaja Mzaramo. Walizungumza habari za marehemu, za malisho, za ndama aliyezaliwa juzi, kana kwamba Mrisho Matano hajazaliwa.

Alibonyeza kitufe. Aliiweka tepu juu ya gogo kando yake, akaifunika kwa sweta ili mlio usisikike, na akajichukia, na hakuzima.

Kisha Malimi akasimama katikati. Kando yake, juu ya kigoda, palikuwa na vitu vya baba yake vilivyosubiri kugawiwa: kabuti, kofia ya pama, na fimbo ya kuchungia. Malimi alisema kwamba angependa watoto wasikie jinsi mzee alivyofika huku. Akaanza kusimulia safari ya ng'ombe.

Ilikuwa ni yenyewe. Aliisimulia toka walipotoka Usukumani, mama yake akiwa na mimba yake yeye Malimi, baba yake akiwa mbele na kabuti lile alilolipata kwa askari aliyerudi vitani. Alisimulia mbuga walizopita, mahali walipokosa maji, mahali walipowapa wenyeji dume ili wapite. Mrisho aliisikia kaseti ikizunguka chini ya sweta, taratibu, bila kosa. Kiswahili kilikuwa kinamiminika, na mtafiti hakuwamo hata kwa herufi. Aliiona digrii yake. Aliliona jopo likitikisa vichwa kwa kuridhika. Aliuona hata mlango wa chumba cha walimu ukifungwa, yeye akiwa nje.

"Tukafika mto," alisema Malimi. "Ulikuwa umejaa. Mzee akaniweka, yaani akamweka mama, mimi nikiwa tumboni, juu ya dume kubwa, akaingia majini, akashika mkia, akawa anaimba ili dume lisiogope, anaimba, na maji yanampita hapa—"

Akaweka mkono kifuani, na sauti ikakatika.

Watu waliinamisha vichwa. Malimi alijaribu tena, akasema "anaimba," akashindwa. Mabega yake yakaanza kutetemeka, mtu mzima mbele za watu, na upande wa wanawake Nyamizi alijifunika uso kwa kanga. Mzee mmoja wa Kisukuma akaguna, akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayeomba chumvi:

"Hii msiba haina mtani?"

Kwa desturi mtani ndiye humwiga marehemu msibani mpaka wafiwa wacheke. Malimi hakumtazama Mrisho, wala Nyamizi hakumtazama. Pengine walikuwa na adabu, au walikuwa wamekwisha kumzoea kuwa ni mtu wa kukaa na kutazama. Mrisho alijua kabisa la kufanya ili aokoke. Angekaa kimya tu. Malimi angepewa maji, angevuta pumzi, angemaliza kuvuka mto ule, na mkanda ungekuwa mzuri kuliko mikanda yote. Kukaa kimya ndiyo kazi pekee aliyoonyesha kwamba anaiweza.

Alisimama. Sweta likaanguka, tepu ikaonekana wazi ikizunguka, na yeye akaipita. Alikwenda mpaka kwenye kigoda, akachukua kabuti la marehemu akalivaa. Lilimfika kwenye vifundo vya miguu. Akavaa kofia, ikashuka hadi kwenye nyusi. Akashika fimbo. Aligeuka kuwakabili watu, akafungua kinywa atoe habari ya baiskeli na ndama, akaona imepotea. Haikuwepo hata kidogo.

Kilichokuwepo ni kitu kingine. Alikuwa ameyasikiliza maneno ya mzee huyu mara nyingi kuliko alivyomsikiliza baba yake mzazi. Ameyaandika moja moja, ameyatoboa kwenye kadi moja moja, ameyapokea yakitoka kwenye mashine, la kwanza mpaka la mwisho. Hapakuwa na mtu Usangu nzima, wala duniani, aliyejua mpangilio wa matusi ya Mzee Budeba kama yeye.

"Nyamizi!" aliita, na sauti ilitoka juu puani, vilevile, hata yeye ilimshtua. "Nyamizi we! Funga kuku ndani! Mzaramo imekuja!"

Vichwa vilivyoinama viliinuka. Mrisho alihisi jasho ndani ya kabuti. Alikwisha kuingia, kurudi kulikuwa aibu kuliko kwenda mbele.

"Tazama!" Akanyoosha fimbo kwenye lile gogo alilokuwa amelikalia, palipobaki tepu na sweta. "Tazama imekaa pale! Mikono laini! Mvivu! Mvua ilikuwa nzuri mpaka ilipofika hii. Imekuja na kisanduku yake, inakaa, inakodoa, haijibu! Unaitukana asubuhi, inasema asante. Unaitukana jioni, inageuza kaseti. Wazaramo wamekwisha! Wamekwisha kabisa!"

Sauti ya kwanza ilitoka upande wa wanawake. Nyamizi alikuwa ameishusha kanga. Alicheka kicheko kimoja kikubwa, akalia, akacheka tena huku akilia, akimnyooshea kidole na kumwambia mwenzake, "Ndiye huyo! Ndiye mzee huyo!" Kisha kila mtu akaanza. Yule mzee wa Kisukuma alijipiga paja. Malimi alikaa chini palepale aliposimama, uso umelowa, akicheka mpaka akakohoa, na alipopata pumzi akapaza sauti: "Mwizi wewe! Vua kabuti ya baba yangu!"

"Kabuti silivui!" alijibu Mrisho, na safari hii alijibu kwa sauti yake mwenyewe. "Babu zangu waliwabebesha mizigo babu zenu mpaka pwani na mshahara wake hawakulipa. Kabuti hili ndilo deni lililobaki, nimekuja kulichukua!"

Hesabu hiyo ilikuwa imegeuka kichwa chini, mdaiwa amekuwa mdai, na kwa hiyo ilipokelewa kwa kelele kuliko zote. Walilikomboa kabuti kwa bakuli la maziwa baada ya ubishi mrefu. Akadai na kofia ikombolewe, ikakombolewa. Alimfuata kila mtu aliyekuwa na uso wa kulia akamshambulia mpaka akacheka. Mto wa Malimi haukuvukwa tena siku ile. Tepu iliendelea kuzunguka kwenye gogo hadi kaseti ikaisha yenyewe.

Baadaye, pale Dar es Salaam, Dakta Liberatus aliusikiliza mkanda huo akavua miwani kwa kicheko, na akaomba kuusikia tena kuanzia pale kwenye kuku. Kisha akaandika kwa mkono wake kwamba kazi haijatimiza masharti. Vyote viwili alivifanya kwa moyo mweupe. Mrisho alirudi Iringa, kwenye chumba cha walimu, na mwalimu wa hesabu akamuuliza mustakabali hajambo.

Lakini hayo yalikuwa bado. Siku ile, alipokuwa akiaga, Nyamizi alimfuata mpaka nje ya zizi. Mkononi alikuwa na jogoo mwekundu, mkubwa, amefungwa miguu.

"Shika kuku yako."

"Mama, ule ulikuwa utani tu. Mimi sidai kuku."

"Siyo mimi nakupa." Alimwekea jogoo mikononi. "Huyu, mzee alimtenga tangu ile siku uliondoka. Watoto walikuwa wanataka kumchinja, anakataa. Anasema, huyu ni wa Mzaramo. Siku atajibu, mpeni."

Mrisho alimpokea. Akapanda juu ya lori na jogoo mapajani na tepu miguuni, na toka Madibira mpaka Mafinga abiria wenzake walimwona mtu mwenye sweta akilia waziwazi huku jogoo akimdonoa vifungo.

Alifika Miyomboni jua likishuka. Shangazi Siwema alikuwa kwenye karai lake. Alimwona jogoo, akapiga vigelegele, akafuta mikono kwa haraka.

"Umemjibu! Wewe Mrisho, umemjibu!"

"Nimemjibu, shangazi."

"Haya, niambie," alisema shangazi akivuta kigoda, macho yakimng'aa. "Ulipomjibu, mzee mwenyewe akasema nini?"

Mrisho alisimama mlangoni. Alimkabidhi shangazi yule jogoo, naye akampokea kwa mikono miwili, akimtazama Mrisho usoni, akingojea.